Hofu ya Kurukwa na Akili: Mwongozo kwa Anayejipima Kila Siku

Kwa miezi minane hivi nilianza kila siku kwa hesabu. 100 toa 7, 93. Toa 7, 86. Halafu 79, 72, 65, 58. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba madaktari wa akili humpa mgonjwa hesabu hiyo ili waone kama umakini wake umetulia, nami nikaigeuza kipimo cha nyumbani. Nikifika 58 bila kukwama, nilipata robo saa ya amani. Nikikwama kwenye 65, siku imeharibika kabla ya chai. Katika nyumba ile ya Ngamiani, Tanga, watu tulikuwa tisa, na aliyekuwa akihesabu ni mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka 24, na nina mjomba aliyeugua akili tangu ujana wake. Hofu iliingilia hapo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo, anayehisi kwamba kichwa chake kiko njiani kuharibika na anakilinda usiku na mchana. Wengine hofu yao ilianza kwenye kansa, ikahamia kwenye moyo, ikatua kwenye akili. Mimi si daktari. Nilisaidiwa na mtaalamu, nikajifunza mengine kwa kusoma na kwa kukosea. Jambo moja nitalirudia kwa sura mbalimbali mpaka ulichoke: hofu hii haiponi kwa kupata uhakika, inapona kwa kuacha kuutafuta.

Hatua ya kwanza: jua mwili unachokifanya

Ukishtuka, mwili humwaga adrenalini, kemikali ya kuutayarisha kwa hatari. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, pumzi zinakuwa fupi na za haraka. Kuhema hivyo kunatoa kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, kupita kawaida, na ikipungua katika damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo. Ndipo unapoona kizunguzungu, ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole, na lile jambo linalotisha kuliko yote: dunia kuonekana kama iko nyuma ya kioo. Sauti za watu zinakuja kwa mbali. Unautazama mkono wako na unahisi kama wa mtu mwingine. Unahisi pia kwamba hewa haikutoshi, kumbe unavuta kupita kiasi.

Asiyejua sababu atasema nini? Atasema akili inamtoka. Akishasema hivyo anashtuka upya, anahema zaidi, na kioo kinazidi kuwa kinene. Hilo ndilo shambulio la hofu. Kwa kawaida hupanda hadi kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka, ufanye kitu au usifanye.

Madaktari wa akili wa Marekani wana mwongozo wao wa kutambulia magonjwa, na humo shambulio la hofu limeorodheshewa dalili 13. Kutetemeka imo, jasho limo, kifua kuuma kimo. Na imo pia hii: kuogopa kwamba unapoteza udhibiti au unakuwa kichaa. Yaani hofu yako ya kuwa kichaa tayari imeandikwa, pamoja na jasho, kuwa ni dalili ya hofu. Siku niliposoma hilo nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikaogopa kwa nini nacheka peke yangu.

Kwetu shambulio hili lina majina mengi. Utaambiwa ni presha, ni gesi, ni vidonda vya tumbo. Ukifika kwenye zahanati ya mtaani na uchovu wako na kichwa kizito, kuna uwezekano mzuri wa kutoka na karatasi ya taifodi na UTI, kwa sababu mtu yeyote akienda na chochote hutoka na hizo mbili. Nilitibiwa taifodi mara tatu mwaka ule.

Hatua ya pili: jua tofauti, mara moja tu

Sehemu hii isome leo, kesho usiirudie. Ukijikuta unairudia, umeshaigeuza kipimo kama ile hesabu yangu.

Mtu aliyepatwa na saikosisi, yaani aliyepoteza mshiko wa kilicho kweli, mara nyingi hana shaka. Anajua kwamba jirani ametega kifaa ukutani. Anajua kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye. Ukimletea ushahidi, ushahidi wenyewe unakuwa sehemu ya njama. Wewe uko upande mwingine kabisa: una shaka na kila kitu, unajihoji, unaomba uchunguzwe. Hata hivyo sitakudanganya kwamba ni sheria isiyovunjika. Wapo ambao mwanzoni mwa ugonjwa huwa na wasiwasi na usingizi mbovu kama wako. Ndiyo maana kuna hatua ya tatu.

Mambo ya kuwahi hospitali ni haya: kusikia sauti zinazoongea nawe au kukuamuru ilhali hakuna mtu, kusadiki bila kuyumba kwamba unafuatiliwa, kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuhisi uchovu, huku unagawa fedha na kupanga makubwa, kuongea maneno ambayo wenzako hawayashiki, kujitenga na kuacha kuoga kwa wiki kadhaa. Kusikia jina lako likiitwa wakati unaelea kati ya macho na usingizi hakumo. Hilo huwapata watu wengi wazima kabisa.

Mambo hayo karibu yote huonekana na watu wa nyumbani kabla mwenyewe hajayaona. Kwa hiyo fanya hivi: chagua mtu mmoja mwenye busara, mweleze, umwombe akuambie akiona mabadiliko ya kweli. Mimi nilimkabidhi dada yangu mkubwa. Kuanzia siku ile lindo ni lake, nami sina ruhusa ya kumuuliza zamu inaendaje.

Kuhusu urithi, maana najua ndilo swali lililokuleta. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kama mtu 1 katika kila 300 hivi duniani anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta ile saikosisi. Ukiwa na mzazi mmoja mwenye ugonjwa huo, uwezekano wako unapanda hadi kama 10 katika 100, maana yake watoto 90 kati ya 100 wa wazazi kama hao hawaupati. Kwa mjomba au shangazi, uwezekano ni mdogo kuliko huo. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa ubalehe na miaka ya mwanzo ya 30. Kilicho mikononi mwako ni bangi: huongeza hatari, hasa kwa anayeivuta sana tangu ujanani, na aliye na ugonjwa huo katika ukoo hana sababu ya kuijaribu bahati. Mengine hayako mikononi mwako wala mwangu.

Hatua ya tatu: pimwa vizuri, kisha funga faili

Nenda kwa daktari mara moja, hospitali yenye kliniki ya afya ya akili kama unaweza kuifikia. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zinayo, na Kenya uliza hospitali ya kaunti. Usiseme "kichwa kinauma" ukatarajia akisie. Sema wazi: "Daktari, naogopa kwamba napata ugonjwa wa akili. Nakuwa na mashambulio ya moyo kwenda mbio, na nashinda najichunguza." Nilichukua miezi sita kabla ya kulitamka hilo, na daktari alilipokea kama mtu anayeelezwa kuhusu mafua.

Omba aangalie yanayofanana na wasiwasi: tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari, presha. Mtajie kila unachotumia. Meflokwini, dawa ya malaria ambayo bado huandikiwa wasafiri, inajulikana kuleta ndoto mbaya, wasiwasi na hata kuchanganyikiwa. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwa wanaoishi na VVU, iliwapa wengi kizunguzungu na ndoto kali. Mtajie mirungi, na usione haya, maana kemikali yake iko karibu na amfetamini na huiba usingizi. Mtajie vikombe vya kahawa na yale makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Mimi nilikuwa nakunywa makopo mawili kwa siku ili nisisinzie kazini, baada ya usiku wa kujichunguza. Nilipoacha, robo ya mashambulio yangu iliondoka bila tiba nyingine.

Majibu yakitoka safi, faili limefungwa. Vipimo havirudiwi mpaka daktari mwenyewe aseme. Kuhama kutoka hospitali hii kwenda ile kutafuta daktari wa kukuambia kwa sauti yenye uhakika zaidi ni sehemu ya ugonjwa.

Hatua ya nne: daftari la wiki moja

Nunua daftari la kurasa 48. Kwa siku saba usibadilishe kitu, andika tu kila unapojipima: saa ngapi, ulifanya nini, amani ilidumu muda gani. Yangu ilikuwa hivi: hesabu ya saba; kutazama macho yangu kwenye kioo kuona kama "yamebadilika"; kukumbuka nilichokula juzi; kugugo dalili mtandaoni; kumuuliza dada; kumuuliza mfanyakazi mwenzangu kwa mzunguko, "hivi na wewe umesikia hiyo sauti?", ilhali ni konda wa daladala anayeita abiria wa Raskazone.

Andika pia unavyovikwepa, maana kukwepa ni kujipima kwa namna nyingine. Nilikuwa sipiti kituo kimoja kwa sababu alikaa pale mtu mgonjwa wa akili. Sikukaa nyumbani peke yangu. Kipindi cha afya ya akili kikianza redioni, nilitoka nje.

Mwisho wa wiki jumlisha. Nilikuwa najipima mara 40 hadi 60 kwa siku, na amani ndefu kuliko zote ilikuwa dakika 35.

Hatua ya tano: acha kurudia

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Neno letu "wasiwasi" linatoka kwenye Kiarabu, na watu wa pwani wanalijua vizuri kwa maana moja mahususi: wasiwasi wa udhu. Kuna mtu anatawadha, anamaliza, anajiuliza kama maji yalifika kwenye kiwiko. Anarudia. Anajiuliza tena. Watu wameshasoma rakaa mbili, yeye bado yuko kwenye birika. Masheikh hawamwambii mtu huyo "ngoja tukusaidie kuhakikisha". Humwambia asirudie. Aswali hivyo hivyo na shaka yake. Wana pia kanuni ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wanayofundishwa vijana: yakini haiondolewi na shaka. Uliyekuwa na udhu kwa yakini, ukashuku umetenguka, udhu wako upo.

Nimesoma tiba ya kisasa ya wasiwasi wa aina hii, ile ya kujikabili na hofu huku umezuia mkono usifanye ule mrudio, na sioni tofauti kubwa na alichokuwa akikisema maalimu wa madrasa. Kila ukirudia, unauambia ubongo kwamba shaka ile ilistahili kujibiwa, nao kesho unakuletea nyingine. Usipojibu, shaka inapanda, inakaa, inachoka. Haichoki kwa dakika mbili. Mara ya kwanza kwangu ilichukua saa nzima ya kutembea ufukweni huku nikihisi kwamba nisipohesabu, kitu kitakatika kichwani.

Fanya kwa ngazi. Panga orodha yako kuanzia kipimo rahisi kukiacha mpaka kigumu, kila kimoja ukipe alama kati ya 1 na 10 kwa hofu inayokuletea ukikiacha. Anza na chenye 3 au 4. Usianze na 1, utajiona shujaa bure, wala na 9.

Wiki ya kwanza usikikatae kipimo, kicheleweshe. Hamu ikija, tazama saa, subiri dakika 10 ukiendelea na shughuli zako. Zikiisha na bado unataka, jipime. Utashangaa mara ngapi hamu imeshapungua. Wiki ya pili dakika 30. Wiki ya tatu kikate. Kioo changu kilikuwa na alama 3, kwa hiyo nilianzia hapo: kunyoa ndevu bila kuchunguza macho. Hesabu ya saba ilikuwa 8, niliifikia mwezi wa tatu. Kugugo kulikuwa 9, na hapo ilibidi dada abadilishe nywila ya simu, nikatumia kitochi kwa wiki mbili. Nilichekwa kazini. Ilisaidia kuliko chochote.

Angalizo moja: wapo wanaoichukua kanuni ya yakini na kuigeuza uradi, wanaisema moyoni mara mia kwa siku ili watulie. Huko ni kujipima kwa mlango wa nyuma. Isikie mara moja, nenda zako.

Kisha yafuate uliyokuwa ukiyakwepa, kwa ngazi zile zile. Liandike neno "kichaa" kwenye karatasi, libandike chumbani. Majina ya hospitali tunayotaniana nayo, Mirembe kwa Tanzania bara, Kidongo Chekundu kwa Zanzibar, Mathari kwa Wakenya, Butabika kwa Waganda, yatamke mpaka yawe majina ya mahali watu wanapotibiwa. Sikiliza kipindi cha redio hadi mwisho. Pita kituoni.

Ngazi yangu ya juu ilikuwa kwenda kumwona mjomba, Korogwe. Sikuwa nimemtembelea miaka mitatu. Nilimkuta uani anapura maharage.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

Alinikazia macho kwa huruma, yeye ananionea mimi huruma. Tulikula makande, akaniuliza bei ya saruji mjini, akameza dawa zake saa mbili usiku akalala. Miaka yote nilikuwa nimemgeuza mjomba kuwa picha ya mwisho wangu, na nilikuwa nimesahau kwamba ni mtu mwenye shamba.

Hatua ya sita: mawazo yanayovamia

Uko kwenye pantoni ya Kigamboni, umeshika chuma cha pembeni, linakuja wazo: je, nikijirusha? Uko jikoni na kisu, mtoto anacheza karibu, linakuja jingine baya zaidi. Mwenye hofu ya wazimu hukichukulia kitu hicho kama uthibitisho. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva walilinganisha mawazo vamizi ya wagonjwa na ya watu wa kawaida, wakakuta hata watu wengi wasio wagonjwa wanayo, na maudhui yake yanafanana. Tofauti ilikuwa kwenye uzito: kwa wagonjwa yalikuja mara nyingi zaidi, yaliwatesa zaidi na yalikuwa magumu kuyaondoa.

Kuyafukuza hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wa chuo wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, alijaa vichwani mwao kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa.

Wazo likija, lipe jina na uliache limekaa. "Ni wazo la kisu." Endelea kukata vitunguu, kisu mkononi, mtoto pale pale. Likikuuliza "utajuaje kwamba hutafanya?", jibu ni "labda, sijui", na unaendelea kukata. Jibu hilo litakuunguza mwanzoni.

Haya ni mawazo usiyoyataka na yanayokuchukiza. Ikiwa kweli unatamani kufa, au umeshaanza kupanga, hilo ni jambo lingine na halingoji ngazi. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo, usikae peke yako usiku huu. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea simu za bure kwenye 1199.

Hatua ya saba: shambulio likikukuta kwenye daladala

Usishuke. Ukishuka, ubongo utaandika kwamba daladala ilikuwa hatari na umeokoka kwa kukimbia, na kesho hutapanda. Toa pumzi taratibu, kama unapoza chai, kwa muda mrefu kuliko unavyovuta: hesabu 3 ukivuta, 6 ukitoa. Legeza taya, shusha mabega. Halafu ruhusu moyo udunde unavyotaka. Usijifunike mfuko wa karatasi mdomoni kama kwenye filamu, maana kama shida ni pumu au moyo utajiumiza. Ikiwa ni mara ya kwanza kabisa na kifua kinauma, hasa umri ukiwa umekwenda, nenda ukapimwe moyo. Ikiwa ni mara ya 30 na ulishapimwa, kaa hadi kituo chako.

Na wasiwasi wa siku nzima upangie saa. Mimi nilichagua saa 11 jioni, baada ya alasiri, dakika 20, kwenye kigoda uani, kamwe si kitandani. Wasiwasi ukija saa 4 asubuhi, niliuandika neno moja na kuuambia usubiri. Saa 11 ikifika, nusu yake nilikuwa sikumbuki nilimaanisha nini.

Hatua ya nane: watu wa nyumbani

Familia yenye upendo ndiyo inayolisha hofu hii kuliko wote. Zamani tulikuwa hivi:

"Dada, unanionaje, niko sawa?"

"Uko sawa, mdogo wangu."

"Una hakika? Hata jana usiku?"

"Hata jana."

"Mbona umesita?"

Tulienda kikao kimoja pamoja, na mtaalamu akampa jibu jipya. Alilijaribu jioni ile ile: "Mdogo wangu, hilo tulikubaliana silijibu. Najua unaogopa. Kaa kwenye mbuzi, nikunie nazi." Nilikasirika. Nikakuna nazi mbili. Kama ndugu yako ana hofu hii, mpe sehemu zote mbili, huruma na kazi, na jibu usimpe. Usimwambie "acha kuwaza", kama kuacha kungekuwa rahisi angeshaacha.

Wazee watakushauri kisomo, maombi au mganga. Kisomo na maombi vilinituliza, sioni sababu ya kuvipiga vita, mradi visiwe njia ya kuuliza tena lile swali. Mganga au mhubiri akikuambia una jini wa urithi wa mjombako, amekupa dalili mpya za kuchunguza. Anayekuambia uache dawa za hospitali, au anayefunga watu kamba, ondoka kwake.

Hatua ya tisa: tiba

Tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa hofu hii, mara nyingi vikao kama 12 hivi, na mengi ya hapo juu yametoka humo. Tatizo letu ni uchache wa wataalamu. Muuguzi wa afya ya akili aliyefundwa anaweza kukuongoza vizuri, usisubiri bingwa. Zimbabwe tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amefundisha mabibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Matokeo yao yalipimwa na kuchapishwa mwaka 2016, na mabibi walifanya vizuri kuliko huduma ya kawaida.

Daktari anaweza kukuandikia fluoksetini au setralini, dawa za sonona zinazotibu pia wasiwasi. Husubiriwa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuona nafuu ya maana, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kupanda kidogo. Watu wengi huacha hapo, wakiamini dawa ndiyo inawatia wazimu. Mwambie daktari, mara nyingi huanza na dozi ndogo. Ukitaka kuacha baadaye, punguza naye taratibu.

Diazepamu, dawa ya kutuliza, ni habari nyingine. Utauziwa dirishani bila cheti, utatulia ndani ya saa moja, utaipenda. Mwili huizoea katika wiki chache, na ukiiacha ghafla baada ya muda mrefu inaweza kukuletea hofu kubwa kuliko ya mwanzo na hata degedege. Kama umeshaizoea, usiitupe leo, nenda upunguziwe.

Ikirudi

Itarudi. Kwangu hurudi mwishoni mwa Ramadhani, usingizi ukishakatika vipande, na ilirudi mtoto wetu alipozaliwa. Unasikia ule mguso, hebu nijipime kidogo tu. Usianze kusoma upya kuhusu dalili. Toa daftari, andika siku tatu, uone ni kipimo gani kimejipenyeza, na ukianze kwa kukichelewesha dakika 10. Kama wiki tatu zimepita na namba zinapanda badala ya kushuka, rudi kliniki ile ile, kwa mtaalamu yule yule ikiwezekana, maana faili lako liko pale na hutalazimika kusimulia tangu mwanzo.